Majina Iko Sawa

Kiswahili changu nilikipata darasani, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa kiboko. Mwalimu wetu hakuwa na mchezo. Ukisema "kitabu yangu" unanyoosha mkono, unachapwa, halafu unarudia "kitabu changu" mpaka koo likauke. Nyumbani tulisema Kirundi. Tuliporudi Burundi wazazi wangu walishika jembe Gashoho, mkoani Muyinga, na mimi nilirudi na kitu kimoja tu ambacho waliobaki hawakuwa nacho: hicho Kiswahili cha kunyooka. Basi nikajiona mtu. Nilimkosoa muuza mkaa, nikamkosoa fundi wa baiskeli, nikamkosoa hata padri mmoja wa parokia ya Mushasha aliyenisalimia kwa upole wake wote. Nashangaa mpaka leo kwamba hakuna aliyenizaba kofi.

Nayasema haya mapema ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani. Sitafuti huruma.

Kazi ninayotaka kuieleza niliipata Gitega, mtaa wa Magarama, katika chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Tulikuwa watatu: shefu wetu, yaani bosi, mimi, na binti mmoja wa Muyinga mjini aliyechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mteja wetu alikuwa Mwanza. Walitengeneza vidhibiti vya pampu za maji, na kwa ajili ya vidhibiti hivyo walikuwa na kompaila yao wenyewe ya C, lugha ya kuandikia programu. Kompaila ni ile programu inayosoma alichoandika mtu, inakikagua, kisha inakigeuza kiwe maagizo ambayo mashine inayaelewa. Ikikuta upuuzi inapaswa kukataa na kusema upuuzi uko mstari gani. Kazi yetu sisi ilikuwa kuilisha upuuzi makusudi, tuone kama itakataa.

Mwanza walitaka ripoti kwa Kiswahili sanifu. Kusema kweli niliajiriwa kwa Kiswahili changu kuliko kwa C yangu. Kwenye C yule binti alinipita mbali, na nilijua, na nadhani hilo nalo lilinikera.

Alikuwa mtoto wa mafundi cherehani, Waislamu wa mjini. Bibi yake alisema Kiswahili, mama yake alimbembeleza kwa Kiswahili, kelele zote za uani kwao zilikuwa za Kiswahili. Ila kilikuwa Kiswahili cha huku kwetu: "mi" na "we", "njo" badala ya "ndiyo", "bingine" badala ya "vingine", "iko" kwa kila kitu chini ya jua, na Kifaransa kinachungulia kila baada ya maneno matatu, "mais" badala ya "lakini". Masikioni mwangu kilikuwa kama mchanga kwenye wali.

"Mustari ya tano iko muzuri," angeniambia.

"Mstari wa tano uko vizuri," ningemjibu bila hata kugeuka.

"Haya, mwalimu. Uko vizuri." Na angecheka.

Jina hilo la mwalimu alinipa yeye, kwa utani, wiki ya kwanza tu. Mimi nikalichukua kweli kweli. Mwezi wa kwanza alikuwa akicheka kila nikimrekebisha. Mwezi wa pili hakucheka sana. Tulikuwa tunaandikiana ujumbe kwenye kompyuta ingawa tulikaa meza mbili zinazotazamana, ili kila kitu kibaki kimeandikwa, na nilianza kuona akiandika, akifuta, akiandika tena, akifuta, halafu ujumbe unakuja wa maneno manne. Nilifurahi. Nilijiambia, afadhali, anajifunza.

Alikitaka sana hicho kibarua. Baba yake alimruhusu kusomea kompyuta huku shangazi na majirani wakisema msichana anapotezewa muda, na mwisho wa miezi mitatu shefu angeamua kama anabaki au anaondoka. "Nikikosa hapa," alikuwa anasema, "cherehani ya baba njo inaningoja. Na mi sishonake muzuri, nguo yangu inapinda." Alisema akitabasamu, lakini alisema mara nyingi mno kwa mtu anayetania.

Mwezi wa tatu Mwanza wakatuletea kitu kipya. Walikuwa wameongeza kwenye kompaila yao fanksheni zisizo na jina. Kwa kawaida fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, unaipa jina, kisha unaiita kwa jina hilo unapoihitaji. Hii nyingine haina jina. Unaiandika palepale unapoitumia, inaanza na kialama kama kikofia, inafanya kazi yake, basi. Lakini hata isipokuwa na jina, vitu inavyopokea, tunaviita parameta, lazima viwe na majina, na kila kimoja chake. Ukiacha parameta bila jina, kompaila ikatae. Ukiita fanksheni inayopokea kimoja ukaipa viwili, ikatae. Na ukiweka parameta mbili zenye jina moja, ikatae kwa sauti, maana hapo mashine haitajua unaitaka ipi.

Binti alicheka alipoyasoma. "Yenyewe haina jina, mais inadai watoto wake wote wakuwe na majina!" Ilikuwa kweli, na ilichekesha, ila mimi nilimwambia ni "wawe", siyo "wakuwe".

Tuligawana hivi. Yeye aliandika mistari ya majaribio, akaipitisha kwenye kompaila mmoja mmoja, na kunitumia alichokiona. Mimi niligeuza ujumbe wake kuwa ripoti ya sanifu, kisha nikaandika kwenye faili la majaribio, pembeni ya kila mstari uliokosewa, kosa tunalolitegemea. Baada ya hapo faili lilikuwa linajipima lenyewe kila siku. Kosa likitokea pale nilipoandika litokee, jaribio limefaulu. Huu ni ufundi wa kinyumenyume kidogo: kwetu kosa likionekana ni furaha, na lisipoonekana ndipo pa kushika kichwa. Mstari usio na kosa sikuugusa kabisa. Niliuacha ulivyo.

Siku moja asubuhi, wingu limeshuka Gitega hadi milangoni na mimi nina mafua, ukaja ujumbe wake:

"Mustari ya kumi na mbili. Majina iko sawa, kosa haiko."

Nikapumua kwa hasira, nikaandika kwenye ripoti: "Mstari wa kumi na mbili. Majina ni sahihi; hakuna kosa." Sikuufungua mstari wenyewe. Kwa nini niufungue? Hauna kosa. Nikapita.

Wiki mbili baadaye Mwanza wakapiga simu. Mtu wao alikuwa ameandika fanksheni isiyo na jina ndani ya nyingine, akapitiwa, akaziita parameta mbili kwa jina moja. Kompaila ikanyamaza, ikameza. Pampu yao ya majaribio haikupata amri ya kusimama, ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Wakatafuta siku tatu. Walipofungua ripoti yetu wakakuta sisi tulikwisha kulijaribu jambo hilohilo na kuandika kwamba majina ni sahihi.

Shefu alituita mezani kwake. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliweka karatasi mbele ya binti, kidole juu ya mstari wa kumi na mbili, na kumuuliza kama ni yeye aliyeujaribu.

"Ni mi," alisema.

"Na hii ndiyo uliyoona?"

Aliisoma. Alikaa nayo muda mrefu kuliko maneno yenyewe, kisha akaniangalia mara moja, akarudisha macho kwenye karatasi. "Nilionaka bingine," alisema polepole. "Inaonekana mi njo niliandika mubaya."

Na mimi, jamani, mimi nikafungua mdomo. Nikasema, "Nimemwambia mara ngapi awe makini na maneno."

Wallahi wakati ule niliamini ninachosema. Nilidhani amekosea kweli, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyevumilia sana. Shefu akatikisa kichwa, akasema ataamua wikendi, akatuachia.

Nilirudi mezani kwangu kurekebisha faili. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaufungua mstari wa kumi na mbili. Fanksheni isiyo na jina, ndani ya nyingine, parameta mbili. Ya kwanza inaitwa x. Ya pili inaitwa x.

Nikatafuta ujumbe wake wa siku ile. Nikausoma kwa sauti yake, kama ambavyo angeutamka akiwa amekaa pale mbele yangu. Majina iko sawa. Yaani yanafanana, ni jina lilelile mara mbili. Kosa haiko. Yaani kompaila ilitakiwa kutoa kosa na haijalitoa. Maneno matano, na kila moja lilikuwa kweli. Alikuwa ameliona tatizo la Mwanza kabla ya Mwanza wenyewe, na mimi nikalichukua, nikalisafisha, nikalipiga pasi, nikawapelekea kinyume chake.

Na wala siwezi kujitetea kwamba ni msamiati wa kwao. Sawa ni kufanana hata huko nilikochapwa. Tulisema watoto hawa wako sawa kwa kimo, tuligawana kwa mafungu sawa. Neno nililijua toka utotoni. Tatizo ni kwamba nilipoona "majina iko" nilikwisha kuacha kusoma, nikaanza kusahihisha.

Shefu alikuwa palepale, hatua kumi, nyuma ya pazia, anaongea na simu. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anaipitia upya mistari yake yote ya miezi mitatu, mmoja mmoja, akitafuta wapi pengine ameandika vibaya. Nilichotakiwa ni kusimama tu. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo shefu alikuwa ameninong'oneza kwamba Mwanza wanataka mtu wa kusimamia majaribio yote, na kwamba ametaja jina langu. Na zaidi ya hilo, nitasema ukweli, niliona aibu kwamba mwenye Kiswahili ndiye aliyeshindwa kusoma Kiswahili. Nikajitia hamnazo. Nikaandika kosa tunalolitegemea pembeni ya mstari, nikahifadhi faili, nikangoja jioni.

Ijumaa mchana nikaenda Gashoho kumsaidia mama kuvuna maharage. Siku mbili nzima nilijifanyia mazoezi ya namna ya kusema. Nikiwa nimeinama shambani nilikuwa na maneno mazuri kweli, yaliyopangika. Mama aliniuliza mara mbili ninaongea na nani. Nikamwambia na maharage.

Jumatatu nilipofika, meza ya binti ilikuwa imeshafutwa. Shefu alikuwa amempigia simu Jumapili kumwambia habaki. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, amevaa mtandio wa kijani aliouvaa siku aliyokuja, na hakuwa analia, angalau si mbele yetu. Akanipa mkono.

"Asante, mwalimu. Umenifundisha mingi."

"Mengi," nikasema.

Mdomo ulikwenda wenyewe. Sikukusudia. Na katika yote niliyopanga shambani, hilo ndilo neno pekee nililomwambia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea, akashuka ngazi.

Msimamizi nikawa mimi. Majaribio yalikwenda vizuri, Mwanza wakaridhika, waliirekebisha kompaila yao na mstari wa kumi na mbili ukawa unakataa kila siku bila kukosa. Niliacha kuwakosoa watu. Sikuacha kwa wema. Kila nikisikia "iko" nilikuwa naukumbuka ujumbe wake, nikaona bora nikae kimya. Kumwandikia sikumwandikia. Nilianza barua nyingi, zote kwa Kiswahili kizuri mno, na zote nikazifuta.

Ikapita karibu miezi minane. Nilikuwa Gashoho tena, na mama akanipa kitenge nimpelekee fundi Muyinga mjini, amshonee gauni la harusi ya mpwa wake. Mafundi Muyinga wamejaa tele. Ningeweza kumpa wa kwanza niliyemwona. Niliuliza kwao binti ni wapi, nikaelekezwa, nikaenda.

Baba yake alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, miwani imefungwa kwa uzi. "Shikamoo, mzee," nikasema. Akacheka. "Marahaba. Huyu ametoka Tanzania!" Nikamwambia nilifanya kazi na binti yake Gitega. Uso wake ukachangamka, akainuka kabisa.

"Ah! Njo we mwalimu! Alituambia. Alisema kuko kaka mumoja alimufundisha Kiswahili ya muzuri. Karibu, karibu, ukae. Asante sana kumusaidia mutoto."

Nilikaa. Binti akatoka ndani na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa amekonda kidogo. Alinisalimia vizuri, akachukua kitenge, akaniuliza vipimo vya mama, na alichagua maneno taratibu, kila moja kwanza analipima, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sikuvumilia.

Nikamwambia. Sikutumia maneno niliyoyapanga hata moja. Nikamwambia kwamba ujumbe wake ulikuwa sahihi, kwamba mimi ndiye niliyeugeuza, kwamba nililijua siku ileile ya mkutano, kabla hajafukuzwa, na nikanyamaza.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake alikunja kitenge mara mbili, akakikunjua.

"We ulijua?"

"Nilijua."

"Mi sikujua," alisema. "Niliona yako, niliona yangu, nikasema, basi ile niliandika inamaanisha hivi. Nilizani ni mi nilikosa. We njo unajuaka."

Baba yake alikuwa ameacha kushona. Akauliza binti amekosa nini, na binti akamwonyesha mimi kwa kidevu: "Umwambie." Nikamwambia mzee yote upya, bila kompaila, bila parameta: kwamba mwanawe aliona kosa, akaliandika, mimi nikaandika kwamba halipo, na yeye akaadhibiwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani akaiweka juu ya kitambaa.

"Mi namugombezaka kila siku," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. "Namuambia, chunga maneno yako, maneno ilikupotezea kazi."

Nikatoa simu palepale nikampigia shefu, sauti wazi ili wote wasikie. Nikamweleza. Kisha akasema, "Na we unakuja kusema leo?" Akavuta pumzi. Akasema kuna nafasi moja, haahidi kitu, lakini binti aandike barua ya maombi, ya Kiswahili, ataipeleka Mwanza pamoja na maelezo yangu. Nikamshukuru kupita kiasi. Akakata.

Mzee alichana karatasi kwenye daftari la vipimo, akamsogezea binti na kalamu. Binti aliishika kalamu. Akaandika neno moja, akalifuta. Akaandika lingine, akalifuta. Halafu akanisukumia vyote viwili juu ya meza.

"Andika we. Mi Kiswahili sijui."

"Unakijua," nikasema. "Ni chako. Mimi nilichapwa ili nikijue, wewe ulizaliwa nacho. Andika hivyohivyo unavyosema, mimi nitawaeleza."

"Hapana, mwalimu. We andika tu. Nisikose tena."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama vile mtu anavyosema hajui kuogelea. Baba yake aliangalia barabarani. Nikaandika, mistari minane. Nilipomaliza nikamgeuzia karatasi, nikamwambia aisome kwanza, aangalie kama ndicho anachotaka kusema. Alichukua kalamu, akatia sahihi bila kuisoma.